Sauti Kabla ya Wimbo

Kimara, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Mpendwa Mama Mkubwa Evelina,

Shikamoo. Ninaandika kwa mkono kama ulivyoagiza tulipoagana, kwa kuwa ulisema maneno ya simu hayasomeki mara ya pili. Mimi ni mzima. Joto la mwezi huu limenielemea kiasi kwamba ninaukumbuka ukungu wa Soni kwa hamu. Baba alinipigia juzi kutoka Magoma. Goti lake limepata nafuu na anaweza tena kufika shambani kwa miguu. Anakusalimu wewe na wote hapo kaya.

Baada ya salamu hizo, naomba kuwasilisha jambo lililonifanya nishike kalamu. Kanda zote kumi na nne za kwaya ulizonikabidhi baada ya msiba wa Baba Mkubwa Timotheo zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta. Fundi Paskali, mzee wa redio hapa Kimara, alizifuta ukungu kwa kitambaa kikavu, utepe baada ya utepe. Alinitahadharisha kwamba zimechoka na huenda kila moja ikakubali kupigwa mara moja tu. Ndivyo ilivyokuwa. Zilimwaga unga wa kahawia zikiimba, na sasa ukizirudia zinatoa mvumo mtupu. Lakini mara hiyo moja nilikuwa tayari, na nikarekodi kila kitu. Tuliwahi, Mama Mkubwa.

Kisha nikafanya kazi ambayo, kwa unyenyekevu, naiona kuwa ya kitaalamu. Katika njia ya kawaida, kila sekunde ya muziki hugawiwa nafasi sawa ndani ya faili, iwe kwaya nzima inaimba au hakuna anayeimba. Ni sawa na mnunuzi wa Soni anayempa kila mkulima tenga moja, mwenye kabichi na mwenye kitita cha giligilani. Njia niliyoichagua mimi ni ya kiwango cha biti kinachobadilika. Biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa inayohifadhiwa na kompyuta. Programu hupima kila kipande kidogo cha muda, kisha huamua: palipojaa sauti nne hupewa chembe nyingi, palipo kimya hupewa chache, na kile ambacho sikio la binadamu halingekisikia huachwa kabisa. Kwa njia hii saa kumi na nne za kwaya, zilizokuwa zikichukua gigabaiti tisa, sasa zinaenea katika megabaiti mia mbili.

Nilitumia kanda zetu kama mfano mbele ya wakuu wa kampuni ninakofanya kazi kwa majaribio. Walipiga makofi, na nimedokezwa kwamba nitathibitishwa kazini. Ninaamini Baba Mkubwa, aliyenisomesha kwa plamu na kabichi zake, angefurahi kuona kwaya yake imenifungulia mlango.

Kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, yenye nyimbo zote, imo ndani ya bahasha hii. Nimeikabidhi kwa kondakta wa basi la Lushoto, aiache dukani kwa Mwanamisi.

Wako mtiifu,
Beatha


Soni, Lushoto
9 Februari 2025

Mwanangu Beatha,

Marahaba. Bahasha yako ilifika Soni siku nyingi, ila Mwanamisi aliiweka chini ya sufuria anazouza akaisahau. Nimeipata juzi nilipokwenda kununua chumvi. Mvua haijanyesha vya kutosha na maharage yanainama. Kristian amepiga simu kutoka Tanga, mke wake amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mwandiko wako umetulia, nimefurahi. Nilifundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja na bado naangalia mwandiko kabla ya habari.

Nyimbo nimezisikia. Zabron alikuja, yule mwimbaji wa sauti ya tena, tukakaa uani tukasikiliza kanda ya kwanza hadi ya nne. Alipoondoka macho yalikuwa mekundu. Nakushukuru.

Sasa nina swali. Wewe hukuwahi kuimba kwaya, kwa hiyo nitakueleza. Katika kanda zote hizo Baba Mkubwa wako haimbi. Mwalimu wa kwaya anatoa sauti. Anasimama mbele yetu akiwapa mgongo washarika, na kabla ya wimbo anatoa kwa koo noti ya kila mstari: besi, tena, alto, soprano. Walimu wengine hutumia kinanda. Timotheo alitumia koo, na kwa chini kabisa, kwa kuwa hakutaka washarika wasikie. Alisema watu wamekuja kusikia wimbo, hawakuja kumtazama mtu akivaa. Na katikati ya noti alimwambia mtu neno moja. Zabron usikimbie. Hezekia fungua mdomo. Redio kaseti ilikuwa juu ya kigoda, karibu na miguu yake, kwa hiyo ilimchukua. Nilikuwa nikimsikia katika kanda hizo zamani, kabla hazijaingia ukungu, ingawa redio yetu ilikuwa mbovu na sikupata maneno yote.

Hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Hatukuwa na picha za video.

Nimeweka simu sikioni nikapandisha sauti mpaka mwisho. Mahali pake pana kitu kama maji yanayochemka birikani. Mwanamisi alisikiliza akasema, "Mama, simu yako inakaanga vitumbua." Tulicheka dukani. Nilipofika nyumbani nikarudia peke yangu, na ni hivyo hivyo kabla ya kila wimbo.

Yale mafaili ya mwanzo, ya gigabaiti tisa, bado unayo? Niandikie.

Mama Mkubwa wako,
Evelina


Kimara, Dar es Salaam
16 Machi 2025

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu, majukumu yameongezeka. Hongera sana kwa kumpata mjukuu. Kaka Kristian nimemtumia ujumbe wa pongezi. Nina furaha kukujulisha kwamba tangu tarehe mosi nimethibitishwa rasmi kazini, na jina langu limebandikwa mlangoni pamoja na la mwenzangu.

Nimelitafakari swali lako kwa kina, na ninapenda kulieleza kisayansi. Programu inayobana muziki huanza kwa kudhani kwamba msikilizaji ameweka sauti ya kawaida, ile inayofaa kwa wimbo wenyewe. Kutokana na dhana hiyo huchora mstari: kilicho chini ya mstari kinahesabiwa kuwa hakisikiki. Kipande chenye mnong'ono mdogo, baina ya vipande vyenye kwaya nzima, huangukia chini ya mstari huo na kugawiwa chembe chache mno. Mtu akisikiliza kwa kawaida hatambui upungufu wowote. Lakini akiweka simu sikioni na kupandisha sauti mpaka mwisho, hukutana na mahali palipoachwa bila kujazwa, nako ndiko kuchemka unakokusikia. Kwa hiyo kadi yako si mbovu, wala simu yako si mbovu. Ni suala la namna ya kusikiliza.

Hata hivyo sikupenda ubaki na usumbufu huo. Nimezipitia nyimbo zote mia moja na kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kwa majuma mawili, na nimeukata mwanzo wa kila mojawapo. Katika kadi hii ya pili hakuna tena kelele. Kila wimbo unaanza papo hapo waimbaji wanapofungua midomo. Natumaini utaridhika.

Wako mtiifu,
Beatha


Soni, Lushoto
27 Aprili 2025

Mwanangu Beatha,

Marahaba. Hongera kwa kazi. Masika imefika na imepitiliza. Barabara ya kushuka Mombo ilifungwa siku mbili kwa udongo, na mboga zikaoza kwenye matenga pale Soni. Baba yako aliwahi kupanda kabla haijafungwa, alilala kwangu siku tatu. Tulikusifu, usidhani hatukukusifu.

Kadi ya pili nimeisikiliza. Zabron naye ameisikiliza, na alichosema nakuandikia kama kilivyo, kwa kuwa ninyi wawili mnafahamiana na hatanichukia. Alisema, "Huyo msomi wenu amemwosha Timotheo mpaka amekwisha."

Nilimwambia anyamaze. Lakini Beatha, afadhali maji yanayochemka. Kwenye kadi ya kwanza najua alikuwa amesimama hapo, hata kama simsikii. Kwenye hii ya pili kwaya inaanza kama watu waliosukumwa. Hakuna aliyewapa sauti.

Sasa nikueleze jambo lingine. Jumamosi tarehe 16 Agosti tunaweka jiwe la kaburi, mchungaji amekubali. Wanakwaya wa zamani tumebaki kumi na mmoja. Tangu afe hatujaimba pamoja hata mara moja. Vijana wanaanza na kinanda na wanaimba vizuri. Sisi hatuwezi, kwa sababu kwetu anayetoa sauti ndiye mwalimu, na hakuna kati yetu anayetaka kuikalia nafasi hiyo. Tulipokutana Pasaka tukakubaliana hivi: siku ya jiwe, Timotheo atoe sauti mwenyewe. Zabron ataazima spika, tutapiga mwanzo wa ule wimbo wa kanda ya saba, pale anapotoa noti, kisha tuizime na tuimbe sisi. Mara ya mwisho, na baada ya hapo vijana waendelee.

Umeniandikia kurasa nne na swali langu moja hukulijibu. Nalirudia. Yale mafaili ya mwanzo unayo?

Mama Mkubwa wako,
Evelina


Arusha
15 Juni 2025

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka nikiwa safarini kikazi. Nimetumwa huku kutoa mafunzo kwa wenzetu wa tawi jipya, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu ni heshima. Baridi ya hapa imenikumbusha nyumbani. Nimefarijika kusikia kwamba Baba alipata nafasi ya kukutembelea.

Kuhusu lile suala la sauti za mwanzo, naomba nikuhakikishie kwamba linashughulikiwa. Zipo programu mpya zenye uwezo wa kusafisha na kukisia sehemu zilizopungua, na nimewasiliana na wataalamu wawili. Nitakupa taarifa kamili kwa wakati muafaka. Tafadhali wafikishie wanakwaya salamu zangu na uwatoe wasiwasi.

Wako mtiifu,
Beatha


Soni, Lushoto
6 Julai 2025

Beatha,

Marahaba. Sisi wazima, baridi ni kali.

Sikukuuliza kama mtu anaweza kukisia. Unayo au huna?

Evelina


Kimara, Dar es Salaam
3 Agosti 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Sina.

Niliyafuta tarehe 10 Januari, siku mbili kabla ya kukuandikia barua ya kwanza. Kompyuta niliyorekodia ilikuwa ya kampuni, na nilitakiwa kuirudisha ikiwa tupu. Ningeweza kutafuta diski ya kuyahifadhi. Ningeweza kumwomba Paskali. Alikuwa ameniambia kwamba nikihitaji msaada nirudi. Sikurudi, kwa sababu sikuona kwamba kuna kitu cha kuhifadhi. Nilidhani nyimbo ndizo kanda zenyewe, na nyimbo nilikuwa nazo.

Kuna jambo jingine ambalo nililificha kwa maneno mengi. Si programu iliyoamua peke yake. Programu ina ngazi za ubora, na mimi niliishusha hadi ngazi ya chini kabisa kwa hiari yangu. Ile kadi yako ingeweza kubeba mafaili mazito yote mara tatu na nafasi ikabaki. Niliishusha kwa kuwa wakuu walitaka kuona nani kati yetu vijana sita atatoa faili dogo kuliko wote bila kwaya kuharibika, na langu ndilo lililokuwa dogo. Mmoja wao aliniuliza mbele ya watu, "Na hicho unachokiacha, una hakika hakuna anayekihitaji?" Nikamjibu, "Hakisikiki, mheshimiwa." Hapo ndipo walipopiga makofi.

Sikuwahi kusikiliza mahali pa kabla ya wimbo. Wakati kanda zikipigwa nilikuwa nimevua vifaa vya masikioni, nikitazama mistari ya kompyuta ikipanda na kushuka. Ilipolala chini nilijua hakuna kitu, nikaendelea na mambo mengine. Mzee Paskali alikuwepo. Nilimfuata wiki iliyopita nikamwuliza kama anakumbuka chochote. Alisema anamkumbuka mwanamume mwenye koo zuri, aliyekuwa akizungumza na watu wake polepole, na akashangaa kwamba mimi simkumbuki.

Wale wataalamu wawili niliowataja ni kweli niliwauliza. Wote wawili walijibu siku ileile. Kilichoachwa hakimo ndani ya faili, kwa hiyo hakuna cha kusafisha. Wakijaza watakuwa wanatunga sauti ya mtu asiyekuwepo. Nilikuwa na jibu hilo mwezi wa tano. Barua ya Arusha niliiandika nikiwa nalo.

Sijui niombe nini. Kama utaniruhusu, nitakuja tarehe 16 nisimame mbele ya wanakwaya niwaambie mwenyewe, ili usiwe wewe wa kuwaambia.

Beatha


Soni, Lushoto
24 Agosti 2025

Mwanangu Beatha,

Marahaba. Baba yako alikuja kwa ajili ya jiwe na amerudi Magoma salama. Kristian na mkewe walileta mtoto. Ana masikio makubwa ya babu yake. Jua limetoka juma hili, nimeanika mahindi.

Barua yako niliipata Alhamisi, siku mbili kabla. Safari hii Mwanamisi alipanda nayo mwenyewe hadi kwangu, akiwa na mzigo kichwani, kwa kuwa bahasha ilikuwa nyembamba na akadhani ni habari ya kifo. Uliomba ruhusa ya kuja. Mtoto haombi ruhusa ya kuja kwao. Ungekuja tu. Niliangalia barabarani Ijumaa yote, na Jumamosi mpaka mchungaji alipofika.

Wanakwaya niliwaambia mimi, tukiwa tumekwisha kuvaa majoho. Niliwasomea barua yako yote, hata sehemu ya makofi. Hakuna aliyekutukana. Zabron alikuwa amekwisha kuunganisha spika. Alichomoa waya, akaukunja taratibu akautia mfukoni, akaenda kusimama mahali pake. Tukabaki tumesimama. Mchungaji alisubiri, watu wakasubiri, mvua ndogo ikaanza na hakuna aliyeondoka.

Nikatoa sauti mimi. Sikupenda, ila niliona miguu ya Hezekia inatetemeka, naye ana miaka themanini na moja. Niliitoa juu mno. Soprano walipofika ubeti wa pili walishindwa, tukanyamaza katikati, mbele ya jiwe na mbele ya watu wote. Sijawahi kuona aibu kama ile. Kisha nikaishusha, nikatoa tena, besi, tena, alto, soprano, na tukaanza upya. Tuliumaliza. Haukuwa mzuri, ila tuliumaliza. Walipokuja kunipa mkono, wazee wawili waliniita mwalimu.

Unasubiri niseme kama nimekusamehe. Sitaliweka hilo kwenye karatasi, wala sitaki unijibu kwa karatasi. Njoo Desemba. Shuka Soni mchana kungali na jua, njia ya kupandia ina utelezi. Tutakaa, na hapo ndipo utaniuliza.

Lakini umesema kweli yako, basi nami niseme niliyoificha. Ulidhani nataka noti kwa ajili ya jiwe. Ya jiwe ilikuja baadaye.

Wiki ya matanga Zabron alinieleza jambo. Miaka ishirini na sita alisimama karibu na mkono wa kulia wa Timotheo. Mimi nilikuwa mwisho wa mstari wa alto, kando ya dirisha. Zabron alisema kwamba kila alipofika kwenye noti ya alto, kabla ya kuitoa, Timotheo alikuwa akitaja jina langu. Kwa chini sana, kama mtu anayejikumbusha jambo. Kila wimbo. Yeye alidhani ninajua siku zote.

Sikujua. Nyumbani aliniita Mama Kristian tangu mtoto alipozaliwa, na kabla ya hapo aliniita Mwalimu. Sikumbuki siku aliyoniita kwa jina. Hakuwa mtu mbaya, unamjua, ila hakuwa mtu wa maneno, na mimi nilikwisha kulizoea hilo nikaacha kulifikiria. Zabron aliponiambia, sikumwamini na sikumkatalia. Nilijua kanda zipo na wewe unazo. Nikaona hakuna haja ya kubishana na mtu wakati jambo lenyewe limerekodiwa, nikasubiri zirudi.

Jana nilimwita nikamwuliza tena kama ana hakika. Ameapa. Zabron ni mkweli, sijawahi kumkamata na uongo. Ila ananihurumia pia, hilo nalo naliona, na sasa sina pa kusikiliza.

Ni mimi, Mama Mkubwa wako,
Evelina